Kuitwa Mlangoni pa Zizi

Mimi shuleni nilikaa kidogo. Darasa la pili halijaisha, baba akasema ng'ombe hawana wa kuwachunga, nikarudi nyumbani. Kusoma nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa nimembeba mgongoni huyu mtoto ninayetaka kumsema hapa. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi natikisa mgongo asilie. Kwa hiyo herufi na mwanangu viliniingia pamoja, na mpaka leo nikishika kitabu najikuta natikisika, na watoto wa jirani wananicheka.

Majina ya watu sitayaandika. Wengine wako hai, na wengine wana maneno. Majina mtakayoyakuta humu ni ya watu wa Biblia tu, hao hawawezi kunijia nyumbani kunigombeza.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja. Nilitaka mwanangu aitwe mlangoni pa zizi, siku wanapoitwa wafu wa ukoo wa baba yake. Sikutaka kingine. Haya mengine yote nitakayoyasema yanazunguka hapo.

Ngoja nieleze kwa wasio wa kwetu. Ukoo wa mume wangu, mtama ukishaingia ghalani, hukutana nyumbani kwa mkubwa wao. Siku hizi mkubwa ni mdogo wake marehemu mume wangu, yaani shemeji yangu, maana waliomtangulia wamekwisha. Husimama mlangoni pa zizi na bakuli la maji yaliyokorogwa unga mweupe wa mtama, akawaita wafu kwa majina, kuanzia yule wa mbali kabisa aliyekuja na ng'ombe zake kutoka nisikokujua, mpaka aliyekufa juzi. Kila jina likitajwa, watu hujibu, "Tupo." Akisikia "Tupo," anachovya vidole, ananyunyiza, anaita mwingine. Wote kichwani, hana hata kipande cha karatasi.

Sasa sheria yao ni hii. Mwenye kaburi pale nyumbani huitikiwa na ukoo wote, kwa kuwa yupo chini pale anasikia. Aliyekufa mbali akazikwa huko, huitikiwa na watoto wake. Asiye na kaburi nyumbani wala mtoto, haitwi. Wanasema jina likiitwa lisipoitikiwa halirudi lilikotoka, linazunguka boma, na watoto wadogo wanaanza kuumwa. Sisi wanawake tulioolewa tunakaa upande wa jikoni. Hatuitikii. Sisi tuna watu wetu wanaoitwa kwa baba zetu, ingawa kwetu mimi hawaiti tena, wote wamekuwa walokole.

Na mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, msidhani. Mwinjilisti wetu akisoma haya atanikalisha chini. Lakini nimeamua kusema kama ilivyokuwa.

Mwanangu aliondoka mwaka ambao pamba ilitoka fupi kama mchicha. Nilizaa watoto kadhaa, wakabaki wawili, yeye na dada yake. Dada yake ameolewa mbali, na watoto wake wanahesabiwa kwa baba yao. Huyu ndiye alikuwa wa nyumba. Alikuwa mrefu, ana pengo la jino la mbele alilopigwa na ndama, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema, mpaka kichekesho chenyewe hukisikii. Akaenda kwenye maduara ya dhahabu, yaani mashimo wanamochimba, upande wa mbele ya Kharumwa. Baba yake alikuwa ameshakufa. Baba yake ujanani alifanya kazi Mwadui kwenye almasi, na alikuwa akisema ardhi haijawahi kumpa mtu kitu ikasahau. Mimi nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Alikuwa anapiga simu Jumapili. Ile ya mwisho aliniuliza kama shemeji ameshasema siku ya kuita. Nikamwambia bado, mtama uko shambani. Akasema, "Mwaka huu nakuja, mama. Mwaka jana waliniambia niliitikia kama mtu mwenye mafua." Akacheka. Nikamwambia, oa basi uje na wa kukusaidia kuitikia. Akacheka tena, salio likaisha.

Mvua ile ya kuchelewa ndiyo iliyofanya kazi. Duara lilititia watu wakiwa ndani. Mimi habari niliipata kwa njia ya kijinga kabisa, kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka mnadani alikuwa anaangalia video kwenye simu, watu wanakimbia, kifusi, kelele. Nikamwambia, zima hiyo, unanitia kichefuchefu. Sikujua naangalia kaburi la mwanangu. Kesho yake kijana aliyekuwa akichimba na mwanangu akanipigia simu.

Walichimba kuwatafuta. Wengine walitolewa. Upande aliokuwapo yeye maji yalijaa, udongo ukawa unarudi kila wakiutoa, mwisho wakubwa wakasema basi, watakufa na wanaookoa. Wakafukia mdomo wa duara.

Nikaenda. Shemeji alisema nisubiri aende yeye, nikasema wewe miguu yako mibovu, na sikusubiri. Niliondoka na kikapu cha michembe, yaani vile viazi tunavyokausha, kwa kuwa mwanangu alivipenda. Nimefika njiani ndipo nikajiuliza, hivi michembe hii nampelekea nani? Nikaendelea nayo hivyo hivyo.

Kule machimboni vijana wana adabu kuliko watu wanavyosema. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu. Mimi ni mama wa fulani mwana wa fulani." Nikataja jina lake na la baba yake, kama tunavyotajana kwetu. Wakatazamana.

"Huyo hatumjui, mama. Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Nikadhani kumbe si yeye, kumbe yuko mahali anakunywa chai. Nikawaeleza urefu, pengo, kile kicheko. Mmoja akajipiga pajani, "Aaa, huyo!" wakataja jina la kupachikwa ambalo siwezi kuliandika, si baya, lakini si la mwanangu. Wote wakavua kofia. Nikawauliza, "Mmekaa naye mnachimba naye, jina la baba yake hamkuliuliza?"

Yule mmoja akasema polepole, "Mama, huku mtu hana baba. Ana duara."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno nililala nalo na kuamka nalo.

Nilikaa kwa mama mmoja anayepika chakula pale. Nikamwuliza, mwanamke kwa mwanamke, kama mwanangu aliacha msichana mwenye mimba. Akatabasamu, akasema, "Mama, angekuwapo angeshakuja mwenyewe na godoro." Baadaye, amekaa akimenya vitunguu, akanisogelea. Pale kulikuwa na binti anayemwoshea vyombo, ana mtoto wa kiume anatambaa, baba hajulikani. "Huyu naye hana kwao," akasema. "Mama yake atakubali. Sema ni wa mwanao. Nani atabisha?"

Nilimwangalia yule mtoto. Niseme ukweli, nilimwangalia sana. Niliangalia masikio, niliangalia vidole vya miguu, maana ukoo ule wana kidole cha pili kirefu. Hakuwa nacho. Akanishika sketi akasimama. Nikawaza, huyu atasema "Nipo" na kila kitu kitakwisha. Halafu nikawaza, huenda kuna mama mwingine mahali, Kahama au Bunda, anatafuta mtoto wa kumwitikia mwanawe, na mtoto mwenyewe ndiye huyu. Nikampa michembe. Akaila na udongo.

Basi nikaomba udongo. Nilimwendea msimamizi wa lile duara, nikamwambia nataka udongo kutoka pale mdomoni, nikauzike nyumbani. Kijana yule alikunja uso, akaangalia chini.

"Mama, udongo wa humu hautoki hivihivi. Ukipita na kiroba pale mbele watakushika, watasema umebeba mawe ya watu."

"Si mawe. Ni mwanangu."

"Mimi najua, mama. Mwenye duara hajui."

Wakashauriana. Mwenye duara alipigiwa simu, alikuwa mjini. Jibu likaja kwamba mama achukue, lakini uoshwe kwanza kama udongo mwingine. Kwao hiyo ni huruma, nilikuja kuelewa baadaye, maana kutoa udongo ambao haujaoshwa ni kitu hakijawahi kutokea pale. Kwa hiyo wakaujaza kwenye kiroba mbele yangu, wakaupitisha kwenye mashine ya kusaga, wakaupeleka mwaloni wanakooshea, wakaumwagia maji kwenye ule ubao wenye magunia, dhahabu inashika kwenye gunia, tope linapita. Lile tope linalopita wanaliita marudio. Ndilo walilonikabidhi. Kama kilipatikana kitu kwenye gunia sikuuliza. Vijana walifanya kazi ile bila redio, na pale redio haizimwi. Aliyemwaga maji ya mwisho aliyamwaga kidogo kidogo, kama anayemnawisha mgeni mikono.

Nikarudi na kiroba mapajani, njia nzima kikinilowesha.

Nyumbani nikamwambia shemeji tuchimbe kaburi karibu na la mume wangu. Akafungua kiroba, akachukua tope kidogo akalisugua kati ya vidole. Laini kama unga wa muhogo.

"Limesagwa hili."

"Limesagwa, na limeoshwa. Walikataa vinginevyo."

Akakifunga kiroba. Shemeji yangu si mtu mbaya, na alimpenda yule kijana, ndiye aliyemfundisha kukamua. Akasema, "Shemeji, kilichokuwamo humu kama kilikuwamo kimebaki kwenye gunia la mwenye duara. Hili tulilonalo ni maji ya kuoshea."

"Kwa hiyo?"

"Tulizike, unataka tulizike. Lakini kaburi siwezi kusema ni kaburi. Na siku ya kuita siwezi kumwita."

Tulilizika. Tukaweka mawe pembeni. Mwaka ule wakaita wafu, jina la mume wangu likatajwa, "Tupo" ikajibiwa, kisha shemeji akafunga. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Niliendelea kusonga mpaka ukashika chini ukaungua, na mawifi zangu wakaula hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye Biblia, maana ndiko kiini cha habari hii kiliko.

Jumuiya yetu ya akina mama iliamua tusome Biblia yote, tugawane, kila mmoja sehemu yake asome nyumbani aje asimulie. Zaburi zikagombewa. Ruthu ikagombewa. Yakabaki yale ya majina, fulani alimzaa fulani, na yule akamzaa yule, na wakuu wa makabila waliosimama na Musa kuhesabu watu. Hakuna anayeyataka. Mwenyekiti wetu akasema, "Mpeni bibi. Yeye ana muda, na meno hana, majina yatateleza yenyewe." Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikapewa.

Nilinunua miwani mnadani, nikaanza, kidole chini ya mstari. Ni kazi nzito jamani. Majina kama kokoto. Kila kabila limetolewa mtu mmoja, kichwa cha nyumba ya baba zake, Rubeni wake, Yuda wake, Dani wake, na kila mmoja ametajwa na jina la baba yake. Mbele kidogo wakuu hao hao wanaleta zawadi kwenye hema, na zawadi zote ni sawa. Sahani ya fedha, bakuli la fedha, kijiko cha dhahabu, fahali, kondoo. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo, yote yameandikwa tena upya mpaka yaishe makabila kumi na mawili. Siku ya kwanza nilipofika kwenye kile kijiko cha dhahabu nilifunga kitabu. Sikutaka kusikia neno dhahabu.

Siku ya kusimulia, mwenzangu mmoja akasema, "Huyu mwandishi si angesema tu na wengine wakaleta vilevile? Karatasi zote hizi!" Nikamwuliza, "Msiba wa baba yako, walipokuwa wanasoma rambirambi, ukoo wa kina nani debe la unga, ukoo wa kina nani debe la unga, ungependa mshika kalamu aseme na wengine nao debe la unga, akae chini?" Akasema, "Ningemrukia." Basi. Kila nyumba inataka kusikia imetajwa yenyewe. Hilo nililielewa bila kufundishwa.

Lakini nilimwuliza mwinjilisti, kwa nini majina mengi hivi, na mengine ya watu ambao hawakufanya kitu? Mwinjilisti wetu ni kijana amesoma chuo, hana makuu. Akaniambia, "Bibi, orodha ndefu kuliko zote ziliandikwa watu wakiwa wametoka uhamishoni. Walikuwa wamechukuliwa mbali, mashamba yamekwenda, makaburi yameachwa. Wamerudi hawajui nani ni wa wapi. Wengine walijitafuta kwenye orodha wasijione, wakazuiwa kufanya kazi ya ukuhani. Kwa hiyo waliandika kama mtu anayekusanya vyombo baada ya nyumba kuungua. Hata kilichopasuka anakiokota."

Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani. Watu wamekaa mahali ambapo hakuna anayejua jina la baba yako. Nilipajua mahali hapo. Ndipo nilipopeleka michembe.

Nikaanza kwenda kwa shemeji jioni, kabla ng'ombe hawajaingia, namsomea. Yeye si wa kanisa wala msikiti, anasema ana wafu wa kutosha. Anasokota kamba zake za katani, mimi nasoma. Nilidhani atachoka. Wapi! Sijawahi kuona mtu anayefurahia majina namna ile. Wanawake kanisani wanasinzia, yeye anasogeza kigoda.

"Rudia hapo. Umeruka mtu."

"Sijaruka."

"Umesema walikuwa ndugu watatu. Wawili umewataja na watoto wao. Wa katikati watoto wake wako wapi?"

Naangalia, kweli, kidole kimeruka mstari. Namsomea. Anatikisa kichwa, "Haya, sasa kamba imefika." Akasema aliyepanga haya alikuwa mtu wa kazi hii, anajua kushika ncha. Akanisimulia na ya kwetu, zamani za watemi, jinsi mtemi alivyokuwa na watu wa kumtajia waliomtangulia, na kwamba utemi enzi hizo ulipita kwa mtoto wa dada, mtu akikosea tumbo moja tu nchi inagombana. Tulikaa siku nyingi namna hiyo. Nikiri, zilikuwa jioni nzuri, na mimi nilikuwa na langu moyoni.

Siku moja akaniuliza, "Wale wakuu wa makabila, waliosimama kuhesabu. Walifika kwenye nchi yao?"

"Hapana. Wakuu hao wote walifia jangwani. Wakahesabiwa watoto upya."

"Makaburi yao?"

"Hayasemwi. Njiani huko, mchangani."

Akaacha kusokota. "Na majina yamebaki?"

"Si ndiyo haya nakusomea."

Nikaona njia imefunguka, nikaingia mbio kama mtoto. Nikamwambia, "Shemeji, hawana kaburi nyumbani, na wanatajwa." Akanitazama, akaelewa nilichokuwa nikifanya jioni zote zile. Hakukasirika. Akaniita mama kwa kilugha chetu, akasema, "Mayu, watu hao waliacha watoto. Watoto waliingia wakaitikia. Mwanao nani atamwitikia?"

Nikafunga kitabu, nikaenda zangu. Siku kadhaa sikwenda kwake, nikimtuma mtu anapeleka salamu tu kwamba macho yananiuma.

Ilikuwa ni katika zile orodha ndefu za mwinjilisti, kabila la Yuda, mahali ambapo hata mimi nilikuwa nasoma kwa kusukuma siku. Nikakuta mtu anaitwa Seledi. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za Seledi. Hakupigana vita, hakujenga, hakuota ndoto. Ametajwa baba yake, ametajwa ndugu yake, kisha imeandikwa kwamba yeye alikufa hana watoto. Basi. Nilirudia nikidhani macho. Nikavua miwani nikaifuta na kanga, nikasoma tena. Mbele kidogo nikamkuta mwingine wa namna hiyo hiyo. Watu ambao kamba ilikatikia kwao, na aliyeandika alijua imekatika, na hakuwaruka.

Nililia pale mezani. Si kilio cha furaha. Nilimlilia mama yake Seledi.

Nikaenda kwa shemeji jua likiwa bado kali, hata hakuwa ameanza kamba. "Marahaba," akasema, kabla sijamwamkia, kunitania, maana yeye ni mdogo kwangu. Sikucheka. Nikamsomea mstari ule mmoja.

Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akaniambia nimsomee na unaofuata, nikasoma, watoto wa yule ndugu yake, na wajukuu. Akageuka akaangalia zizi tupu.

"Kumbe walimfunga," akasema.

"Walimfunga vipi?"

"Jina lisiloitikiwa linazunguka kwa sababu linatafuta. Huyu wamemwita, halafu wakamwambia palepale, huna mtu. Halitafuti tena. Linakaa." Akanitazama. "Naweza kumwita hivyo. Lakini nitalazimika kulisema, shemeji. Kila mwaka, mbele ya watu wote. Siwezi kumwita nikalimeza hilo. Umenielewa?"

"Nimeelewa," nikasema. Sikuwa nimeelewa. Nilisikia "naweza kumwita," hayo mengine yakapita juu.

Siku ikafika. Watu hawakuwa wengi, vijana wengi wako huko huko machimboni, na waliokuja walikuwa wanaangalia simu mpaka shemeji alipokohoa. Akashika bakuli. Akaanza na yule wa mbali mwenye ng'ombe. "Tupo." Anachovya, ananyunyiza. Babu na babu. "Tupo." Baba mkwe wangu, aliyekuwa akinifichia nyama nikiwa na mimba. "Tupo." Mume wangu. "Tupo." Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka upande wa jikoni, mikono mapajani, kama nilivyokaa miaka yote.

Akamwita mwanangu. Jina lake lote, na la baba yake, kama nilivyolitaja mimi kule machimboni nikajibiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Hakuna aliyejibu. Nilijua hakuna atakayejibu, na bado nilisikiliza. Ng'ombe walikuwa wameshatolewa, hakukuwa na hata wa kukohoa. Mimi mdomo wangu ulifunguka, ndiyo, ulifunguka, na mwanamke aliyekaa karibu yangu akaniwekea mkono gotini, akaubonyeza. Si mahali petu kuitikia.

Shemeji akasema, kwa sauti ile ile ya kuitia, "Huyu hakuacha mtu."

Akachovya, akanyunyiza.

Nilikuwa nimeomba jina, nikalipata. Sikuwa nimewaza kwamba maneno yale yatasikika hivyo, nje, mchana, watoto wa watu wakiwa wamesimama. Alipokuwa haitwi, niliweza kujidanganya kidogo, kwamba labda kuna mtu Kharumwa, labda binti fulani ana haya. Sasa limesemwa mlangoni pa zizi, na linasemwa kila mtama ukiingia. Mwaka huu pia limesemwa. Sauti ya shemeji imeanza kuisha, ila hilo alilisema vizuri, likafika jikoni.

Nikisoma ule mstari wa Seledi siku hizi, naona kitu ambacho mwanzo sikukiona. Kitabu hakisimami pale. Kinamtaja ndugu yake, kinaendelea na watoto wa ndugu yake. Na shemeji naye hakusimama. Alifuata mtoto wa ndugu yao mwingine, aliyekufa kwa homa akazikwa pale pale nyumbani, akaitwa, wakajibu "Tupo," wengi, kwa nguvu, na maji yakaendelea kunyunyizwa.